Tafakari Tano Ukutani

"Mimi sikukatazi kusali, Fundi. Sali hata kwa tarumbeta ukipenda. Lakini nina mgonjwa ndani, na kila siku inayokuja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukuta unamwambia atakufa. Ukuta, Fundi. Si daktari, si ndugu yake. Ukuta."

"Simwambii yeye, shemeji."

"Unaniambia mimi?"

"Najiambia mwenyewe."

"Basi jiambie moyoni. Wenzako wote wanajiambia moyoni na hakuna aliyepasuka."

Yote hayo Fundi aliyasema kwa pembe ya mdomo, maana mdomoni alikuwa na misumari mitatu. Ndivyo wafanyavyo mafundi makochi: misumari midogo hukaa kati ya midomo ili mkono mmoja uvute kitambaa na mwingine upige nyundo. Aliitoa mmoja mmoja akaiweka kiganjani, na kwa jinsi alivyokwenda polepole, asiyemjua angedhani anapima maneno. Hakuwa anapima kitu. Alikuwa amekufa ganzi.

Aliyemsimamia mlangoni ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mfupi, mkono kiunoni, kanga begani, ambaye ghorofa nzima ilimwita Mama Redio. Jina lilimwingia vizuri na hakulikataa. Habari ikimfikia asubuhi, jioni ilikuwa imeshazunguka ngazi zote na kurudi kwake na nyongeza. Kilichomuudhi yeye ni kitu kimoja tu, kuwa wa pili kujua.

Kinyozi wa mlango wa tatu alikuwa anatoka kwenda kazini. Aliposikia sauti alipunguza mwendo, akajifanya anatafuta ufunguo aliokuwa ameushika.

"Kwani anasema nini hasa?" akauliza.

"Anasema nini?" Mama Redio akamgeukia, akashusha sauti iwe nzito kama ya Fundi. "Mimi ni wa kuzeeka, uzee siukwepi. Mimi ni wa kuugua, maradhi siyakwepi. Mimi ni wa kufa, kifo sikikwepi. Nivipendavyo vyote na niwapendao wote, nitaachana nao. Halafu kuna la tano, hilo analimeza, halisikiki."

"Mama, mbona wewe ndiye umehitimu," Kinyozi akasema.

"Wiki mbili. Hata kasuku angekuwa amehitimu."

"Wiki mbili?" Fundi akauliza. "Mbona mimi nina miezi mitano nasema?"

"Kitanda kimehama wiki mbili zilizopita. Chumba cha nyuma hakina hewa, tumemleta Mwalimu mbele. Kichwa chake na mdomo wako vimetenganishwa na ubao na plasta, basi." Akaivuta kanga begani. "Ungekuwa umekuja kumwona ungejua kitanda kiko wapi. Lakini hilo silisemi. Hilo nimelinyamazia."

Kinyozi alipata ufunguo wake ghafla, akashuka ngazi.

Fundi alitazama misumari kiganjani. Ghorofa yote ilikuwa imeshaingia kumwona Mwalimu, mumewe Mama Redio, tena si mara moja: wenye matunda, wenye magazeti, wenye dawa za shangazi zao kwenye chupa za soda. Yeye peke yake ndiye hajakanyaga. Kila akiulizwa alijibu lile lile, kwamba ana kazi ya watu.

"Mimi namwambia anapona," Mama Redio akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini, ya kwake mwenyewe. "Daktari aliniita pembeni, akaniambia aliyoniambia. Nikarudi kitandani nikamwambia mwenzangu, wamesema unaendelea vizuri. Miezi miwili nasema hivyo. Halafu wewe unanibomolea kwa upande wa pili. Kwa hisani yako, Fundi. Acha."

"Nitaacha."

"Asante."

Akaenda zake. Fundi alirudi kwenye kochi la watu lililokuwa limelala tumbo juu katikati ya chumba, akatia misumari mdomoni, akashindwa kukumbuka alikuwa anavuta kitambaa upande gani.

*

Mambo haya ya kuketi na kutafakari hayakumjia Fundi kwa njia ya moyo. Yalimjia kwa njia ya kazi, tena kazi aliyoiharibu.

Mwezi wa tatu baada ya kumzika mkewe, alikuja mwanamke mrefu mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, akaagiza mito kumi na miwili ya duara ya kukalia chini. Mwanamke huyo alikuwa amestaafu posta, alikokaa miaka mingi akipanga barua kwenye visanduku, na watu wakamwita Bibi wa Posta. Sasa alikodi chumba juu ya duka la vifaa vya umeme, na kila Jumamosi alasiri aliwafundisha wanaoanza mafunzo ya Buddha: kuketi, kupumua, kuimba maneno na kuyatafakari.

Fundi alishona mito kama alivyozoea kushona vitu vya makalio. Alitia sponji laini ya daraja la kwanza, ile inayomkumbatia mtu. Ilikuwa mito mizuri ajabu. Jumamosi ya kwanza wanafunzi wote walilala. Mhasibu mmoja alikoroma mpaka mwenye duka la chini akapanda kuuliza kama kuna mashine imeharibika.

Jumatatu Bibi wa Posta aliirudisha yote kumi na miwili, akiikokota ngazini kwa kamba kama ng'ombe mkaidi.

"Umewashonea watu kitanda," akasema.

"Ulisema mito."

"Nilisema ya kukalia. Mtu akae wima, akeshe. Wewe umezoea kuwapumzisha. Njoo Jumamosi ukae mwenyewe, ujue unashona nini."

Alikwenda ili asipoteze mteja. Akaketi juu ya mto wake mwenyewe, miguu imekunjwa, magoti yanalia. Bibi wa Posta akagonga kikengele kidogo, akaeleza kwa lugha ya mtu anayeeleza jinsi ya kubandika stempu: vuta pumzi, toa, hesabu moja. Vuta, toa, mbili. Ukifika kumi rudi moja. Ukipotea njiani usijitukane, rudi moja. Baadaye waliimba, wote pamoja, sauti zisizolingana: naenda kwa Buddha kuwa kimbilio langu, naenda kwa mafundisho yake, naenda kwa jumuiya ya wanaoyafuata. Fundi aliimba kwa sababu aliyeketi kando yake aliimba. Hakujisikia amekimbilia popote.

Katika kuhesabu hakuwahi kufika tano. Akifika nne hesabu ilivunjika, akajikuta yuko kwenye ile korido ndefu ya hospitali yenye rangi ya kijani mpaka kifuani.

"Narudi moja," alimwambia Bibi wa Posta. "Nimerudi moja mara mia."

"Basi rudi ya mia na moja."

"Yatanituliza lini?"

Bibi wa Posta alikuwa anatafuta miwani iliyokuwa kichwani pake. "Nani alikwambia yanatuliza?"

Ile mito aliishona upya kwa pamba iliyoshindiliwa kwa ngumi mpaka ikawa migumu kama magunia ya mchanga, na mmoja akabaki nao. Akapewa karatasi yenye tafakari tano. Za kusema kila siku, Bibi wa Posta alisema, kwa sauti, maana kisichopita mdomoni kichwani hakikai. Mwenye macho ya kutangatanga aukabili ukuta. Na ndani ya chumba cha Fundi, kilichojaa mifupa ya viti na marobota ya vitambaa, ukuta mtupu ulikuwa mmoja tu.

Nne za kwanza aliziweza tangu siku ya kwanza. Uzee alikuwa nao, maradhi aliyaona, kifo kilikuwa kimeshaingia kwake na kutoka na mtu. Ya nne ilimuuma lakini ilipita. Ya tano ndiyo iliyokataa. Alikuwa akiianza na sauti ikimzamia kooni, kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

*

Alitimiza ahadi. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu alikaa juu ya mto, akaukabili ukuta, akafunga mdomo.

Kumbe sauti ndiyo iliyokuwa ikimshika. Bila sauti, ndani mwake paligeuka soko. Siku ya kwanza alifika pumzi ya pili. Siku ya pili hakufika popote. Alikata kitambaa cha watu kinyume na mistari, mita nne nzima, akakaa juu yake akitazama kosa lake kama mtu anayetazama gari lake likiungua. Aliacha kunyoa, yeye aliyenyoa kila asubuhi. Kinyozi alipokutana naye ngazini alimwambia, "Fundi, hizo ndevu unazipeleka wapi?" naye akapita. Mchana wote akalala chali kwenye kochi la mteja, viatu miguuni, kitu ambacho angemfukuza mtu kwa kukifanya.

Siku ya tatu, saa ile ile, ukuta uligongwa.

Mara nne, kwa kitu chepesi, kijiko pengine. Kimya. Halafu tena mara nne. Fundi alikaa akiutazama ukuta. Mkono wake ulikuwa karibu kiasi kwamba angenyoosha kidole angejibu. Hakunyoosha. Aliinuka akaenda kuchemsha maji asiyoyahitaji.

Saa nne asubuhi Mama Redio alikuwa mlangoni, na safari hii hakuweka mkono kiunoni.

"Anakutaka."

"Nani?"

"Usijitie hamnazo. Mwalimu. Tangu juzi anauliza yule mtu wa ukutani amepatwa na nini. Leo amekataa dawa. Amesema hanywi mpaka uje. Mimi nilikuja kukuzuia usiseme na sasa nakuja kukuomba ukaseme, sijui nimekuwa mtu wa namna gani." Akajifuta jasho la mdomo kwa ncha ya kanga. "Twende, ni hatua sita."

"Shemeji, leo nina kazi ya watu," Fundi akasema. "Kochi linachukuliwa mchana. Kesho nitakuja, kesho bila shaka."

Alijisikia akisema. Neno kwa neno, mpaka ile *bila shaka*, ilikuwa sentensi aliyomwambia mkewe kwa simu, siku tisa mfululizo.

Mama Redio alichungulia nyuma yake, akaliona lile kochi, limechanwa, halina mgongo, halina mguu mmoja. Kochi lisilokwenda kokote mwezi huo. Katika maisha yake hakuwahi kuona uongo ulio wazi hivyo na kuuacha upite. Huu aliuacha.

"Haya," akasema. "Kesho."

Fundi hakukaa. Alivaa shati akaenda mtaa wa pili, akapanda ngazi za duka la vifaa vya umeme. Bibi wa Posta alikuwa peke yake, anafagia.

"Kuna mgonjwa anataka nikamsomee tafakari," Fundi akasema. "Mimi sijahitimu. Nenda wewe."

"Amekutaka wewe au mimi?"

"Mimi. Ananijua kwa sauti."

"Basi?"

"Bibi, mimi siwezi vyumba vya wagonjwa." Akakaa juu ya benchi. "Harufu ile. Nikiisikia miguu inakataa. Kuna zoezi? La kupumua, labda, au maneno ya kuimba kabla ya kuingia. Nipe nijifunze wiki hii, Jumamosi ijayo niende."

Bibi wa Posta aliegemea ufagio. Alimtazama kwa miwani ya usoni, kisha akashusha ya kichwani akamtazama kwa hiyo.

"Nimekufundisha kukaa," akasema. "Nimekufundisha kurudi moja. La kuingia chumbani silijui. Mama yangu alipokuwa anaondoka nilikaa sebuleni nikipanga picha kwenye albamu. Nimekuwa nikiyafundisha haya tangu siku hizo."

"Na?"

"Na nini? Albamu ninayo." Akarudia kufagia. "Nenda, Fundi, au usiende. Lakini usingoje Jumamosi, mgonjwa hana ratiba yetu."

*

Alikwenda alasiri ile ile, na kigoda chake mkononi, kile kifupi anachokalia akishona chini ya viti. Hata yeye hakujua kwa nini amekibeba. Hatua zilikuwa sita kweli.

Mama Redio alimfungulia, akamwelekeza kwa kidevu, akarudi jikoni. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi. Fundi alifika kizingitini na harufu ikampokea: dawa ya kusafishia, shuka iliyolowa, na chini yake ile nyingine, tamu tamu, isiyotolewa na sabuni yoyote. Miguu ikakataa. Haikutetemeka wala nini, ilikataa tu, kama punda. Aliona ncha ya kitanda, blanketi la bluu, na mkono mmoja uliokonda ukiwa umeshika kijiko.

Akaweka kigoda chini pale pale, nje ya kizingiti, akakaa.

"Umefika?" sauti ikasema kutoka ndani. Sauti kavu, ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma, sasa imebaki ganda lake.

"Nimefika, Mwalimu. Nipo hapa mlangoni."

"Kaa hapo. Nusu ya wanafunzi wangu wa hesabu walisomea dirishani, na wengine walifaulu." Pumzi ikakatika, ikarudi. "Sasa niambie. Ya tano inasema nini? Wiki mbili nahesabu, moja, mbili, tatu, nne, halafu unadidimia. Mimi siwezi kuachiwa hesabu bila jibu. Nimekaa hapa nakisia. Nimekisia mambo manane."

Fundi alitazama mikono yake. Ilikuwa na gundi kwenye kucha.

"Inasema, nilichotenda ndicho changu. Nimezaliwa nacho, ninatembea nacho, na ndicho nitakachorithi."

Kijiko kiligonga ukingo wa kitanda, mara moja.

"Hiyo sikuikisia," Mwalimu akasema. "Sasa naelewa kwa nini unaimeza. Umefanya nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Walimpa pole, walimwambia amejitahidi, walimwambia mkewe amepumzika. Pengine ni kwa sababu hakuwa anauona uso wa aliyemuuliza. Alisema.

"Mke wangu alilala wodini wiki tano. Karibu nne za kwanza nilikwenda kila siku. Halafu ile harufu ikaanza, na yeye akawa mdogo kitandani, nikashindwa. Nikampigia simu nikamwambia nina kazi ya watu. Nilikuwa sina kazi. Nilikaa chumbani kwangu, saa ya kutazama wagonjwa ikianza mpaka inaisha, nikitazama saa ya ukutani. Kesho yake hivyo hivyo. Siku tisa. Siku ya tisa akafa, saa tisa na robo alasiri, katikati ya saa ya kutazama wagonjwa."

"Alikulaumu?"

"Hapana. Kwenye simu alisema, fanya kazi mume wangu, usijali." Akakwangua gundi kwenye ukucha. "Nilipokwenda kuchukua vitu vyake, muuguzi akaniambia. Wodi ile viti vya wageni ni vichache, watu wanaviazima kitanda hadi kitanda. Yeye alikuwa ameomba kimoja kisogezwe karibu na kichwa chake, na kila mtu akija kukichukua anamwambia, samahani, kina mtu, yuko njiani."

Kutoka jikoni sauti ya sufuria ilikuwa imekoma.

Fundi alingoja. Alikuwa ameshayasema, na alidhani yakishasemwa kitu kitatokea. Hakikutokea kitu. Aliyahisi pale pale yalipokuwa, hayakupungua uzito hata kidogo.

"Mimi siwezi kukusamehe," Mwalimu akasema. "Si mimi niliyengoja."

"Najua."

"Na yeye hayupo."

"Najua, Mwalimu."

"Basi hesabu hiyo haifungi."

"Haifungi."

Kwa mbali chini mtaani mtu alikuwa anapiga honi, mwingine anamtukana, mambo ya kawaida.

"Haya," Mwalimu akasema. "Swali la pili. Kusema haya kila asubuhi, kuketi kwako na kupumua, kumekusaidia?"

Fundi alifikiri amdanganye. Ndivyo watu wanavyofanya kwa wagonjwa. Lakini uongo wa siku hiyo alikuwa ameshautumia.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Ni hivi. Ukiletewa kochi kuukuu unang'oa misumari, unavua kitambaa, unatoa sponji, unaona mbao. Unaona zimeoza. Mwenye kochi anakuuliza zitatengenezeka? Hazitengenezeki. Lakini umeziona. Mimi nimefika hapo. Nimeziona."

Sauti iliyotoka ndani ilimshtua, akadhani mgonjwa amepaliwa. Alikuwa anacheka. Kicheko kiligeuka kikohozi, kikohozi kikavuta muda, na Fundi alisimama nusu, akakaa tena.

"Afadhali," Mwalimu akasema alipopata pumzi. "Wewe ni wa kwanza. Kila anayeingia humu ana kitu kilichomsaidia shangazi yake. Nimekunywa majani ya mashangazi wote wa jengo hili. Nimechoka kusaidiwa, bwana. Nilikuwa nalala hapa, watu wananiambia ninapendeza, ninaendelea, nitarudi darasani. Halafu asubuhi ukuta unasema kweli. Nilikuwa nangoja saa kumi na mbili na nusu kama watu wanavyongoja chai."

"Shemeji alisema yanakuumiza."

"Yananiumiza. Unadhani nini, yananibembeleza?" Akashusha sauti mpaka Fundi ikabidi ainame mbele, kichwa kikapita kizingiti. "Sikiliza. Yeye hajui kwamba najua. Miaka thelathini na moja sijamwona mwanamke huyu akitunza siri zaidi ya nusu saa. Hii ameibeba miezi miwili peke yake, anaifulia, anaipikia, anaificha chini ya godoro. Usiku namsikia anahema kama mpagazi. Mimi nikimwambia najua, atakuwa ameibeba bure. Kwa hiyo akiniambia ninapona, namwambia naam, leo nasikia nafuu. Hicho ndicho nilichotenda mimi. Kitahesabiwa wapi, sijui. Muulize mwalimu wako."

"Hatajua."

"Basi ni mwalimu mzuri."

Fundi alitaka kusema kitu. Alitafuta kwenye yale aliyofundishwa. Pumzi zilikuwepo, kimbilio lilikuwepo, kengele, karatasi yenye mistari mitano. Havikuwa na mkono wa kumshika mtu. Yule aliyelala pale, mtu wa kwanza kumuuliza swali lililonyooka, angekufa baada ya siku chache. Na yeye Fundi angerudi kwenye chumba chake chenye mifupa ya viti, na upande wa pili wa ukuta pangekuwa kimya, na asubuhi angesema nilichotenda ndicho changu, na kingekuwa chake.

"Unataka niseme?" akauliza. "Zote?"

"Zote. Polepole, nikufuate. Na ya tano uitoe mpaka mwisho."

Akakaa wima juu ya kigoda. Akavuta pumzi na ile harufu ikaingia nayo, akaiacha iingie kwa sababu hakuna pumzi nyingine iliyokuwepo. Mimi ni wa kuzeeka, uzee siukwepi. Sauti kavu ikamfuata nyuma kwa neno moja. Mimi ni wa kuugua, maradhi siyakwepi. Katika la tatu Mwalimu alinyamaza katikati, akalirudia toka mwanzo, kama mtu aliyekosea kujumlisha. La nne walilisema pamoja. La tano lilipofika machozi yakamchuruzika Fundi bila kishindo mpaka kwenye ndevu, akalitoa neno kwa neno kama anavyotoa misumari mdomoni, hadi mwisho. Halikumfariji. Lilitoka tu.

Mama Redio alikuwa amesimama nyuma yake. Amesimama tangu lini, na amesikia kiasi gani, hakuna atakayejua, maana hilo hakumsimulia mtu. Macho yake yalikuwa mekundu na mikononi alikuwa na sinia yenye sahani tatu zinazotoa moshi. Alimruka Fundi na kigoda chake, akaingia, akamnywesha Mwalimu dawa yake bila neno, naye akainywa. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akapanga sahani juu ya stuli.

"Mwenyewe hali siku hizi, vijiko viwili tu ameshashiba," akasema, bila kumwambia mtu hasa. "Lakini anapenda kuona watu wanakula mbele yake."

"Napenda," Mwalimu akasema.

"Leo unaendelea vizuri."

"Naam. Leo nasikia nafuu."

Mama Redio alichambua chakula kwa kijiko, akipoza cha mgonjwa kwanza. Halafu akamtazama Fundi, aliyekuwa bado amekaa nje ya kizingiti, magoti yamepanda mpaka kidevuni, uso umelowa.

"Mimi siwezi kumeza," akasema, "mtu amenikalia mlangoni kama anayesubiri kuitwa na hakimu. Beba hicho kigoda chako, Fundi, uweke hapa karibu na kichwa chake. Ingia ndani tule."